Mtu wa Tano

Kijiji kizima kilikula mkate wa Marsela, na hapakuwa na mtu aliyejua ukuta wa jikoni kwake una rangi gani. Tuuseme ukweli huo mapema, tusije tukazungukana. Alfajiri alioka. Kukipambazuka alijitwika beseni mpaka duka la njia panda, mwenye duka akaipokea mikate, akasema, "Asante, Mama Martha," na mama akageuka na beseni lake tupu. Watoto waliula mkate ule na chai kabla ya shule, wazee waliuchovya kwenye maziwa, vijana wa bodaboda waliumega wakiwa juu ya pikipiki zao. Lakini hodi mlangoni kwake? Thubutu! Na si kwamba walimchukia. Afadhali wangemchukia, maana mtu anayekuchukia angalau huja kukugombeza.

Nyumba yake ilikuwa Baray, huku chini kwenye vumbi na joto, unakoshuka kuelekea Ziwa Eyasi. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake Marsela aliishi kule juu, ukingoni mwa kreta, kwenye baridi na ukungu, akioka mikate ya watalii katika hoteli moja kubwa. Aliingia akiwa binti wa kuosha masufuria, akatoka akiwa bibi wa tanuri. Wapishi waliosomea kazi walikuja na kuondoka, yeye yupo. Nyumbani alishuka mara mbili kwa mwaka, na kila aliposhuka alishuka na mizigo: sukari, mafuta, mablanketi yaliyotupwa na hoteli yakiwa bado mazima. Mama yake mzazi alimfundisha kwamba mkono mtupu haulambwi, na Marsela aliushika usemi huo kuliko alivyoishika katekisimu.

Na misiba je? Hapo ndipo penye kidonda. Hakuna msiba uliompita bila mchango wake. Akisikia fulani kafariki, hata kabla hajamaliza kusikitika, simu iko mkononi na mchango umekwenda. Michango iliposomwa mbele ya waombolezaji, jina lake lilitangulia: "Marsela, kutoka hotelini!" Watu waliguna. Akisimuliwa habari ya ile miguno, moyo wake ulijaa, akiamini ni ya heshima.

Sasa ngoja nikwambie jambo moja kuhusu sisi watu wa huku. Msiba hauendewi kwa simu. Msiba unaendewa na mwili. Mwanamke anakuja na mzigo wa kuni kichwani, au ndoo ya maji, anakaa chini, anamenya, anaosha, analala palepale kwenye turubai na wenzake, na kesho yake anaamka macho mekundu kama mfiwa. Mwanaume anakuja na jembe. Ukija na ukuni mmoja mbichi, umefika. Ukituma dume zima la ng'ombe, hujafika. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo, na Marsela, aliyejua kutengeneza mkate wa aina kumi na kitu kwa Wazungu, alilisahau. Pengine hakulisahau. Pengine alidhani mtu wa kazi kama yeye, watu watamsamehe kidogo.

Korona ilipokuja, hoteli ilifungwa. Ilipofunguliwa tena ikataka vijana. Marsela akashuka Baray moja kwa moja, na haukupita muda mrefu mumewe Adrian akaugua, akafa. Loo, ule umati! Watu walitoka vijiji vya mbali, kuni zikarundikana mpaka zikazidi, wanaume wakapokezana majembe kaburini kwa kugombania. Marsela alilia, na ndani ya kilio chake alifarijika, akasema moyoni, kumbe wananipenda hivi. Masikini. Umati ule haukuwa wake. Ulikuwa wa Adrian, ambaye hakuwahi kukosa kaburi la mtu, aliyechimba makaburi mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama kwato. Walikuja kumlipa Adrian. Turubai lilipofunguliwa na kukunjwa, deni lilikuwa limekwisha, na kila mtu akaenda zake.

Ukimya ulioingia katika nyumba ile usiuombe. Binti yake Martha alipiga simu kila Jumapili kutoka Dodoma.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

"Umekula na nani?"

"Na watu," alijibu Marsela, akilitazama benchi lililokuwa halina mtu.

Alijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akaezeka jiko kubwa kuliko nyumba yenyewe, akatengeneza meza ndefu kwa mlango wa zamani wa zizi. Fundi alimuuliza, "Mama, meza hii yote ya nini?" Akasema ni ya kukandia unga. Mezani alikandia pembe moja tu. Ile sehemu nyingine aliifuta kila siku, vumbi la Baray lisije likaizoea.

Halmashauri ilipotangaza tena mikopo ya vikundi, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, uliitishwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Aliyekuja kueleza alikuwa Doreen, afisa maendeleo ya jamii wa kata, binti mgeni, kwao Singida, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Akaeleza vizuri: mkopo hauna riba, ni kwa watu wenye kazi ya mikono, serikali inataka ajira zipatikane hukuhuku vijijini, watu wasikimbilie mjini kuuza maji barabarani. Marsela aliyekaa pembeni kwenye jiwe lake alinyoosha mkono.

"Na mtu mmoja je?"

"Mmoja vipi, mama?"

"Mmoja tu. Ana tanuri lake, ana ujuzi wake, ana wateja. Anataka oveni ya gesi na mashine ya kukandia, kambi za watalii kule ziwani zinataka mkate kila siku na yeye hawezi kuzitosheleza."

"Hapana, mama yangu. Serikali haikopeshi mtu mmoja. Inakopesha kikundi. Watu watano, wa hapahapa, wanaojuana."

Basi kukatokea mtu huko nyuma, hao wa nyuma hawakosekani, akapaza sauti: "Usihofu, Madam! Huyo mama hao wanne atawatuma kwa simu!"

Mkutano ukaangua kicheko. Marsela naye akacheka, maana usipocheka ndipo unapochekwa zaidi, lakini chake kilichelewa, kikabaki peke yake hewani wakati wenzake wamekwisha nyamaza. Akarudi nyumbani na jambo lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tusidanganyane. Oveni aliitaka, ndiyo. Nani hataki oveni? Lakini alipolala akatazama dari, hakuiona oveni. Aliwaona watu wanne wamekaa kwenye ile meza ndefu, mikono yao ina unga, mmoja anamsengenya mkwewe na wengine wanacheka. Miaka yote hiyo hakuwa na sababu ya kumwendea mtu na kumwambia njoo ukae kwangu. Sasa serikali ilikuwa imempa sababu. Kama angeipoteza hii, hakujua nyingine ingetoka wapi.

Wa kwanza kumpata alikuwa Nosim, Mmasai kutoka Soitsambu aliyeolewa huku, muuza maziwa, ambaye kwa ugeni wake hakuwa na wa kugombana naye wala wa kupatana naye. Alimsikiliza Marsela mpaka mwisho, kibuyu begani.

"Mimi sijui kuoka, yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimasai. "Lakini kukaa najua."

Wa pili na wa tatu walikuwa bibi Sabina na mkamwana wake. Sabina alikuwa mke wa mzee Hhando, ambaye kijiji kizima kilimwita Ako, yaani babu. Bibi mwenyewe mgongo umepinda, meno ya kuhesabika, ulimi mzima. "Mimi nakuja kuota moto," alisema. "Hiyo mikopo mtajuana wenyewe na serikali yenu. Lakini huyu mkamwana wangu ana nguvu za bure, mchukueni akakande."

Akabaki mtu wa tano, na kila aliyeombwa alikuwa na udhuru. Huyu ana kichanga, yule ana kikundi kingine, mwingine mume wake hataki mikopo. Maneno mazuri, nyuso nzuri, na wote wakimsindikiza mpaka kwenye njia haraka kidogo kuliko inavyopasa. Mwisho Marsela akajua kwamba amebaki mmoja tu wa kumwendea, na ndiye aliyekuwa akimkwepa tangu mwanzo.

Selina alikuwa jirani yake, ua kwa ua. Waliolewa mwaka mmoja, wakachota maji pamoja, wakabeba mimba pamoja. Marsela ndiye aliyemshika mtoto wa kwanza wa Selina siku ya ubatizo, Hilary, akawa mama yake wa kiroho. Hilary alikua, akawa kijana mrefu mwenye mzaha, na akafa kwa ajali ya pikipiki katika ule msimu ambao hoteli ilikuwa imejaa watalii mpaka wengine wanalala kwenye mahema. Marsela hakushuka.

Alimkuta Selina uani, anapepeta mbaazi.

"Karibu," alisema Selina bila kuinuka, na ilikuwa karibu ya kumwacha mtu amesimama.

"Nimekuja na ombi, Mama Hilary."

Jina lilimtoka kabla hajaliwaza. Ungo ulisimama mikononi mwa Selina. Kuku walikuwa wakidonoa mbaazi zilizomwagika.

"Ulikuwa mama yake wa ubatizo," akasema Selina.

"Najua."

"Ukatuma mkate."

"Hoteli ilikuwa imejaa, Selina. Niliomba ruhusa, wakaninyima. Nikasema angalau..."

"Mkate wenyewe ulikuwa mtamu. Nakwambia kweli. Umekatwa vipande, umefungwa vizuri, gari la hoteli likaushusha pale kwenye mparachichi. Watu wakala wakausifu. Na mimi nikapewa kipande, nikala, maana nilikuwa sijala tangu jana. Nikaenda kumzika mwanangu na utamu mdomoni. Hilo sijakusamehe, Marsela. Sikufichi."

Marsela alisimama pale mikono imening'inia, mzee mzima, machozi yanamlenga na hathubutu kuyafuta. Selina akaanza tena kupepeta.

"Mko wangapi?"

"Wanne, pamoja na mimi."

"Basi niandike. Lakini tuelewane, siingii kwa ajili yako. Nina wajukuu wanaotaka kusoma. Ndio hao ninaoingia kwa ajili yao."

Na hivyo kikundi kikawa kikundi. Sabina ndiye aliyekipa jina, Tuonane, na Marsela akachaguliwa kuwa mwenyekiti kwa kuwa jiko ni lake. Kila Alhamisi walikutana. Jamani, zile Alhamisi! Nosim alikanda unga na bangili zake za shanga mkononi, donge likanasa, akaanza kulikung'uta huku na huku, na Sabina akicheka mpaka akakohoa: "Mwacheni, anakamua!" Mkamwana alipigwa mzaha kwa mikate yake iliyotoka imepinda upande mmoja. Marsela alisahau umri. Aliwaonyesha jinsi ya kusikiliza mkate ukiupigapiga kisogoni, kama umeiva unaitika. Hata Selina, aliyekaa kila mara mwisho wa meza karibu na mlango, tayari kwa kutoka, siku moja aliupigapiga wake na kusema kwa sauti ndogo, "Umeitika." Neno hilo aliuambia mkate, hakumwambia Marsela. Marsela aliridhika nalo hivyohivyo.

Alikuwa amenunua vikombe vitano vinavyofanana. Wakishaondoka hakuviosha. Aliviacha mezani mpaka asubuhi vikiwa na mashapo ya chai, kila kimoja mahali pa mwenyewe, naye akaenda kulala.

Doreen akaleta habari kwamba ombi lao limepita hatua ya kwanza. "Sasa Jumanne nakuja na wenzangu wa wilayani kukagua," akawaambia. "Wakubwa wamechoka na vikundi hewa, majina matano mtu mmoja. Nataka tuwakute wote watano, kwa macho. Tusipowakuta nafasi inakwenda kwa kikundi kingine, na mimi sitakuwa na la kuwatetea."

Basi Jumanne ile Marsela aliamka kuku hawajaamka. Alikuwa amezamisha mikono kwenye unga aliposikia hatua nje, na kabla hajauliza ni nani, Nosim akasimama mlangoni. Kichwani alikuwa na mzigo wa kuni.

"Yeyo, twende. Ako Hhando ametuacha jana jioni. Wanamzika leo mchana."

"Mungu wangu! Ako?" Marsela akashika kifua, unga ukabaki kwenye gauni. "Maskini Sabina! Maskini..." Halafu akatazama meza, akatazama tanuri lililokwisha washwa. "Na wakaguzi?"

Nosim alisimama tu na kuni zake.

"Sikiliza, Nosim. Tukiondoka wote, hawa watu wakafika wakakuta jiko tupu, tumekwisha. Na Sabina naye amekwisha, na mkamwana, na wajukuu wa Selina. Mmoja lazima abaki awaeleze. Wakishapita tu, nakuja. Mazishi ni mchana, nitawahi. Waambie nakuja."

"Nikawaambie unakuja na nini?"

"Nakuja na mkate. Nitaoka wa kutosha watu wote."

Nosim alimtazama kidogo, akageuka taratibu ili kuni zisigonge mlango, akaenda.

Usimhukumu haraka. Alichosema kilikuwa na akili, ndiyo shida yake. Mambo ya Marsela siku zote yalikuwa na akili. Alikanda, akachoma, akatandika kitambaa cheupe mezani, akapanga vikombe vitano. Moshi wa tanuri ukapanda juu, mweupe, umenyooka, hakuna upepo. Na huko njiani watu walikuwa wakipita kwenda kwa Sabina, wanawake na ndoo zao, wanaume na majembe begani, na kila aliyepita aligeuza shingo akautazama ule moshi. Wote wakaona kwamba Ako amelala, na Marsela yuko kwake, anaoka.

Naye aliwaona wakigeuza shingo. Alijificha nyuma ya mlango kama mwizi, halafu akajikemea: nifiche nini, si nafanya kwa ajili yao? Akampigia Doreen. Hapatikani. Mtandao wa Baray anaujua Mungu mwenyewe. Akakaa. Akainuka. Akaipanga mikate upya. Jua likapanda, likasimama utosini, na hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna vumbi barabarani. Kila alipotaka kuondoka alijiambia, bado kidogo, nikiondoka tu ndipo watakapofika. Akasikia kwaya ikianza huko kwa Sabina, sauti zinakuja na kupotea. Bado kidogo. Akasikia ule wimbo wanaouimba udongo ukianza kurudishwa, akaujua, maana waliuimba kwa Adrian. Akausikiliza amekaa benchini mpaka ukaisha, mikono juu ya magoti, mbele yake vikombe vitano visivyo na chai.

Wakaguzi hawakuja. Basi akainuka, akajaza mikate beseni, akaifunika kwa kile kitambaa cheupe, akajitwika na kushika njia.

Alifika kwenye bomba la maji, lililo katikati ya kwake na kwa Sabina, akasimama kupumzisha shingo. Hapakuwa na mtu, matone tu yalikuwa yakidondoka kwenye saruji. Akashusha beseni, akakaza kitambaa, na harufu ya mkate ikampanda puani. Hapo ndipo alipojiona. Alikuwa amebeba mkate. Mkate mtamu, umefungwa vizuri, unakwenda msibani mtu akiwa amekwisha zikwa.

"Ee Marsela," akasema kwa sauti. "Ee Marsela, mjinga wewe."

Akalia hapo bombani, hakulia hata wakati wa Adrian namna ile. Alipomaliza akatandaza kitambaa juu ya saruji, akaimwaga mikate yote juu yake, akaosha beseni unga ukatoka, akalitega chini ya bomba. Lilipojaa akajitwika. Beseni la mkate halikutengenezwa kubebea maji, lilimwagika mbele na nyuma, likamlowesha mabega na kifua. Nyuma yake mbuzi wa sijui nani walikuwa wamekwisha anza kuikaribia mikate. Hakugeuka.

Kwa Sabina watu walikuwa wanatawanyika. Wanaume walikuwa wakikwangua udongo kwenye majembe. Marsela aliingia uani amelowa, na maongezi yakakatika kundi kwa kundi, kadiri alivyopita. Hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna aliyemwambia toka. Na hapo, kati ya wanawake waliokuwa wakiosha sahani, akamwona Doreen, khanga kiunoni juu ya sketi ya ofisini, mikono ina povu.

"Mama Martha!" Doreen akainuka. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakusubiri, mwanangu."

"Unanisubiri? Leo? Nyumbani?" Binti akabaki ameduwaa. "Mama, sisi tulifika asubuhi. Pale njia panda tukaambiwa mzee wa bibi Sabina amefariki, tukajua kikundi chote kiko huku, tukaja moja kwa moja. Nani angekwenda kukagua jiko siku ya msiba? Wenzangu wamezika, wamewasalimia wenzako, wamerudi Karatu. Wamewaona."

"Wamewaona wangapi?"

Doreen alitazama pembeni. "Wanne. Wakauliza mwenyekiti yuko wapi. Nikaona hapa pameharibika. Lakini mama huyu," akaashiria kwa kidevu, "akawaambia umekwenda kuteka maji."

Aliyeashiriwa alikuwa Selina, ameinama juu ya moto, anavuta magogo nje ili uzime. Hakuinua uso. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye beseni, yanadondoka puani mwa Marsela, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Maji ya asubuhi yamefika jioni," alisema Selina, akiuambia ule moto. Wanawake wawili watatu wakaguna, na ile miguno Marsela sasa aliielewa. "Yamimine pale. Masufuria yako kule."

Yalikuwa masufuria ya msiba, yale makubwa, makande yameshikana chini, masizi nje kidole kizima. Marsela akakaa chini kwenye majivu, akachota mchanga na kuanza kusugua. Hapakuwa na aliyekaa naye. Doreen akaaga, akaondoka. Nosim alipita akaweka sufuria jingine kando yake, akamgusa bega kidogo, akaenda kwa wenziwe. Marsela alipokwenda kumwinamia Sabina kumpa pole, bibi alimshika mkono akauachia, hana hata neno la mzaha, naye akarudi kwenye masufuria yake. Alisugua mpaka jua likawa jekundu huko Eyasi. Kule kwenye turubai wanawake walikuwa wametandika mikeka ya kulalia, wanaongea chini chini, na kila sauti aliijua ni ya nani.

Alipokuwa kwenye sufuria la mwisho, akaona miguu ya Selina imesimama mbele yake.

"Usidhani nilisema vile kwa ajili yako," Selina akasema. "Sabina ametegemea kile kikundi. Nisingeweza kumzikia mume na kumzikia riziki siku moja."

"Najua. Asante."

"Usinishukuru." Akalitazama beseni lililoinamishwa kwenye majivu. "Mkate umeupeleka wapi? Nosim alisema unakuja na mkate."

"Nimeuacha bombani."

"Wote?"

"Wote. Mbuzi wameula."

Selina akatikisa kichwa, na kama palikuwa na kicheko humo ndani, alikizuia. Akafunga khanga yake vizuri.

"Usiku huu nenda kwako, nafasi ya turubai imejaa. Kesho tunakaa tena na Sabina. Njoo."

"Nije na nini?"

"Nimekwambia uje na kitu? Njoo mikono mitupu."

Selina akaenda zake kwa wenzake. Marsela akabaki ameitazama mikono yake, myeusi mpaka kwenye viwiko. Tangu azaliwe hakuwahi kwenda kwa mtu bila kitu mkononi. Hakujua mtu anayekuja hivyo anaingiaje, anakaa wapi, anasema nini. Aliogopa kesho ile kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na alijua kwamba atakwenda.